Mgonjwa wa mapafu yuko ICU (chumba cha wagonjwa mahututi): ukali wa ugonjwa unapimwaje, na mbona tunaulizwa habari za chakula?

Mgonjwa wa nimonia kali, au mwenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani au moshi wa kuni, anapohamishwa kutoka Siaya au Vihiga kuletwa ICU mjini Kisumu, jamaa hubaki na maswali mengi kuliko majibu. Haya ni baadhi yake.

Kioo cha mashine kinasoma oksijeni 92. Mbona daktari anasema mzee yuko katika hali mbaya?

Kwa sababu hiyo 92 haisemi imepatikana kwa oksijeni kiasi gani. Hewa tunayovuta mimi na wewe pale Kondele ina oksijeni asilimia 21. Mzee huenda anasukumiwa asilimia 80 na mashine, na bado anafika 92 tu. Ndiyo maana daktari huchoma sindano kwenye ateri, mara nyingi ile ya kifundo cha mkono, apime shinikizo la oksijeni katika damu, kisha aligawanye kwa sehemu ya oksijeni anayopewa mgonjwa. Mwenye mapafu mazima hupata zaidi ya 400. Mzee akiwa na shinikizo la 64, ukiligawanya kwa 0.8 unapata 80. Mapafu yanaposhindwa kazi ghafla, jibu la kati ya 200 na 300 huhesabiwa kuwa hali nafuu, 100 hadi 200 ni wastani, na 100 kushuka chini ni kali kabisa.

Tumesikia wakitaja APACHE na SOFA. Ni dawa?

Si dawa, ni vipimo vya alama. APACHE II imekuwepo tangu 1985. Inachukua matokeo mabaya zaidi ya saa 24 za kwanza (joto, mapigo ya moyo, chumvi za damu, figo, fahamu na mengineyo), inaongeza umri na magonjwa sugu, na mwisho wake ni 71. SOFA huangalia viungo na mifumo sita: mapafu, moyo na mzunguko wa damu, ini, figo, ubongo na uwezo wa damu kuganda. Kila kimoja hupewa 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haizidi 24.

Alama zikiwa juu, tuite watu nyumbani?

Hapana. Alama hizi zilitengenezwa kwa kufuatilia wagonjwa wengi kwa pamoja, hazitabiri siku ya mtu mmoja. Swali bora la kumuuliza daktari ni hili: SOFA ya leo ikilinganishwa na ya juzi imepanda au imeshuka?

Mbona mtaalamu wa lishe anatuuliza sisi mzee alikuwa anakulaje? Si wana mashine?

Hapa ndipo jamaa wana kazi kubwa, na kwa maoni yangu hawaambiwi hivyo vya kutosha. Kuna kipimo kiitwacho NUTRIC kinachoonyesha nani atadhurika zaidi asipolishwa vizuri. Toleo linalotumika sana huchukua umri, APACHE, SOFA, idadi ya magonjwa mengine na siku alizokaa hospitalini kabla ya ICU. Alama 5 hadi 9 ni hatari kubwa. Angalia kilichokosekana: hakiulizi kabisa mzee alikula nini mwezi uliopita, wala kama amepungua.

Mizani nayo hudanganya. Mgonjwa aliyetundikiwa maji mengi huvimba, akaonekana mzito huku misuli inayeyuka, ukiwemo ule wa chini ya mbavu unaovuta pumzi. Hata albumini, protini inayopimwa kwenye damu, hushuka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, si njaa tu. Basi mke anayesema, "Mkanda wake niliutoboa tundu mbili mpya tangu Krismasi," amempa mtaalamu habari ambayo maabara haina. Semeni uzito wa zamani mkiujua: aliyetoka kilo 60 hadi 54 kwa miezi sita amepoteza asilimia 10, na hilo ni zito. Semeni pia kama alikuwa anaacha ugali nusu kwa sababu pumzi zinamkatika akitafuna, na kama ni mnywaji. Msimfiche mtaalamu.

Kwa nini anaanzishiwa chakula kidogo hivyo?

Kwa kawaida mrija wa puani huanza kutumika ndani ya saa 24 hadi 48, shinikizo la damu likishatulia, na kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa ili chakula kisipande kikaingia mapafuni. Lakini aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula chochote cha maana akijazwa ghafla, fosfeti na potasiamu, ambazo ni chumvi za damu, huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo hupewa vitamini B1 kwanza, damu inapimwa, kiasi kinapandishwa polepole. Kabohaidreti nyingi kupita kiasi pia huongeza kaboni dioksidi, ambayo mapafu mabovu hayawezi kuitoa.

Tumeleta supu ya ngege. Wameikataa.

Wana sababu. Mgonjwa mahututi wa kilo 50 huhitaji protini gramu 60 au zaidi kwa siku, sawa na ile ya mayai kumi hivi. Supu ni maji zaidi; protini imebaki kwenye samaki sufuriani. Tena miba na vipande huziba mrija.

Ametolewa mashine. Tumpe uji sasa?

Subirini apimwe kumeza. Koo lililokaa na mpira wa kupumulia huchelewa kurudi sawa. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kijiko cha maji, mwiteni muuguzi kabla ya kijiko cha pili.