Bomba zinazotembea, bomba zinazoimba: nilizozikuta mtandaoni

Mimi kazi yangu ni bomba. Nafunga maji majumbani hapa Mtwara mjini na Mikindani, mara nyingine naitwa Lindi, kwa hiyo nikishika simu usiku macho yanakimbilia chochote chenye bomba ndani. Na nakwambia kuna watu huko duniani wamezifanyia bomba mambo makubwa sana. Video nyingi zinaonesha uzuri tu, haziwaelezi kinachofanyika ndani, leo nataka niwaambie kifundi.

Wengi mtakuwa mmeshawaona wale wanyama wa Theo Jansen wa Uholanzi. Alianza mwaka 1990 kuunda viumbe vya bomba za PVC, yaani plastiki ngumu, zile nyembamba za kupitishia nyaya za umeme ukutani, afu anaviachia ufukweni vinatembea vyenyewe kwa upepo. Hakuna mota. Siri iko kwenye miguu, kuna vipimo 11 vya urefu wa vipande ambavyo alivitafuta kwa kompyuta mpaka akapata uwiano unaofanya mwili ubaki usawa wakati miguu inapanda na kushuka, ukikosea kipimo kimoja mnyama anarukaruka badala ya kutembea. Upepo wa ziada unasukumwa kwenye chupa za plastiki, ukitulia ile hewa iliyobanwa ndo inaendeleza safari. Na kuna kabomba kananyonya hewa karibu na ardhi, kakikutana na maji uvutaji unakuwa mzito, mnyama anageuza asizame. Yaani kufikiri kote kunafanywa na hewa ndani ya bomba! Mchanga wa ufukwe wa Msimbati, huku kwetu Mtwara, ni mgumu, magari yanapita juu yake, na kusi likivuma hukosi upepo, kwa hiyo huku angetembea vizuri tu. Adui yake angekuwa jua, maana PVC ikikaa juani muda mrefu inapauka na kuwa kavu, ukiigonga inavunjika.

Lakini iliyonikalia kichwani kuliko zote iko Zadar, nchini Kroatia. Kuna ngazi za mawe zinashuka mpaka baharini, zimefuata ufukwe kama mita 70, zilifunguliwa mwaka 2005 na msanifu wake ni Nikola Bašić. Ukikaa pale unasikia sauti za muziki zinatoka chini yako, nene na nyembamba, hazirudii wimbo uleule, na hakuna spika wala mpigaji. Chini ya ngazi kuna bomba 35 za plastiki, zimegawanywa makundi 7 ya bomba tano tano, urefu na upana mbalimbali.

Mnajua maji yakikatika mtaani afu yakarudi, kabla hayajatoka bomba linaanza kupuliza na kukohoa? Ile ni hewa iliyobaki ndani, maji yanaisukuma mbele yake. Zadar ni jambo lilelile. Mdomo wa chini wa bomba uko baharini, wimbi likiingia maji yanapanda ndani, hewa inakosa pa kwenda inakimbilia juu, na huko juu imewekewa filimbi. Bomba ndefu inatoa sauti nene, fupi inatoa nyembamba. Basi.

Sasa wadau, msikimbilie kuiga. Bahari ya Adriatiki pale Zadar inapanda na kushuka kidogo sana, siku za kawaida haifiki hata nusu mita, kwa hiyo mdomo wa bomba uko palepale kwenye maji asubuhi mpaka jioni. Kwetu siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari inacheza zaidi ya mita 3! Maji yakipwa pale ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, mawe yote yanabaki nje watu wanaokota pweza, bomba zako zingekuwa hewani zimenyamaza kabisa. Yakijaa nayo ni shida nyingine, mdomo unazama chini sana ambako msukumo wa wimbi unafika umedhoofika, na maji ndani yanaweza kupanda mpaka kwenye filimbi yenyewe. Ungebakiwa na muziki wa masaa machache tu, na kila siku saa zake zinasogea.

Ndo maana mimi naona wa kujifunza kwao zaidi ni San Francisco, Marekani. Pale tangu mwaka 1986 kuna kazi ya Peter Richards na George Gonzalez, bomba 25 za PVC na zege zimewekwa kwenye vina tofauti, nyingine chini nyingine juu. Hazina filimbi, unaweka sikio kwenye mdomo wa juu unasikia bahari ikigugumia na kuvuma ndani, na wanaojua wanakushauri uende maji yamejaa. Muziki wake siyo mtamu kama wa Zadar, nakubali, ila kile kitendo cha kupandisha bomba kwa vina ndo jibu la pwani yetu.

Kama ningejenga ya kwetu, mahali ningechagua upande wa nje wa Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, unaotazama bahari kuu, maana ndani ya ghuba maji yametulia mno, ndo maana bandari ikawekwa huko. Ningezipanga bomba kama ngazi, kila nusu mita ya kina seti yake, kuanzia usawa wa maji ya kupwa mpaka juu. Bahari ikipanda seti za chini zinaacha kuimba, za juu zinapokea. Kona zote ziwe za digrii 45, za 90 zinavunja nguvu ya maji na mchanga unajikusanya pale. Na kila bomba iwe na tii, kile kiungo cha njia tatu, yenye kifuniko juu ya usawa wa bamvua, kwa sababu makombe na majani ya baharini yataziba tu ndani, na fundi lazima apate pa kuingizia waya wa kuzibulia bila kubomoa zege.