Disathria: ulimi unapokuwa mzito

"Shikamoo, bibi." Jibu linakuja baada ya kitambo, kwa sauti inayopitia puani: "Malahama."

Mpita njia katika wodi ile ya hapa Tanga angedhani bibi bado ana usingizi. Sikio lililozoea husikia jingine. Herufi b ya "marahaba" inataka midomo ifungwe sawasawa, na kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la kinywa, iinuke kuziba njia ya pua. Ikilegea, pumzi huvujia puani na b ikageuka m. Mgonjwa wa namna hii akimwita baba, watu husikia mama.

Hiyo ndiyo disathria: matamshi kuharibika kwa sababu ubongo au neva zimeshindwa kuiendesha vizuri misuli ya usemi, kuanzia ile ya pumzi na koo hadi kaakaa, ulimi, taya na midomo. Kwetu tunasema ulimi umekuwa mzito, ingawa pengine ulimi wenyewe hauna neno na kilicholegea ni midomo au pumzi. Kwa wagonjwa waliolazwa ghafla, sababu kubwa ni kiharusi, kisha majeraha ya kichwa kama ya ajali za bodaboda. Kuna pia Parkinson na maradhi mengine ya neva.

Jambo ninalotamani kila ndugu alielewe ni kwamba disathria si afasia. Mwenye afasia, lugha yenyewe imeguswa: anakosa maneno, au haelewi aambiwalo. Mwenye disathria maneno yote anayo kichwani, kinachomkwamisha ni kuyatoa. Mwambie, "Gusa pua, halafu nionyeshe dirisha." Mpe kalamu aandike majina ya wanawe. Akifanya sawasawa, akili na lugha viko hai, japokuwa wapo wanaopatwa na yote mawili. Nimemwona mzee akitokwa machozi huku wanawe wakijadili minazi yake juu ya kitanda chake, kana kwamba hayupo. Alikuwa akisikia kila neno.

Upimaji huanza na mambo madogo. Mgonjwa awe macho, ameketi wima, meno ya bandia yako mahali pake na redio imezimwa. Aseme "aaa" kwa pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huvuka sekunde 10 bila taabu. Kisha arudierudie pa-pa-pa kwa midomo, ta-ta-ta kwa ncha ya ulimi, ka-ka-ka kwa nyuma ya ulimi, halafu pa-ta-ka kwa mfululizo. Inapokwama ndipo penye udhaifu. Mwisho azungumze kawaida, tuone mgeni angeelewa kiasi gani.

Namna ya kuharibika nayo inasema kitu. Mwaka 1969 Darley, Aronson na Brown wa Mayo Clinic, Marekani, waliainisha disathria kwa kusikiliza tu: ya kulegea, ya kukakamaa na nyinginezo. Ile ya serebelamu, ubongo wa nyuma, humfanya mtu asikike kama mlevi. Kwa mzee ambaye hajaonja tone maishani mwake, kushukiwa hivyo ni fedheha kubwa.

Kabla ya uji, pimeni kumeza. Misuli ya kusema ndiyo hiyohiyo ya kumeza, na vitu vyepesi kama maji na chai hukimbilia njia ya hewa upesi, mtu akapata nimonia. Ndugu hufika na chupa ya chai kwa mapenzi, nami naomba mwulizeni muuguzi kwanza. Akikohoa anapokunywa, au sauti ikawa ya majimaji, simamisheni.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, kwa hiyo kazi kubwa huwaangukia wauguzi na jamaa. Mazoezi ya kutoa ulimi nje na kupuliza hayana ushahidi mzito wa kurudisha matamshi, bora afanye mazoezi ya kusema kwenyewe. Aseme polepole, maneno machache kwa pumzi moja, akigonga kidole kitandani kwa kila silabi: ma-ra-ha-ba. Kiswahili kinatufaa hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu na kugongeka vizuri. Vipindi viwe vifupi, anachoka haraka. Maneno yakishindikana kabisa, mwandikieni alfabeti kwenye kadibodi aonyeshe herufi ya kwanza ya kila neno.

Na ulimi ukiwa mzito ghafla nyumbani, iwe Pongwe au Mabokweni, usisubiri kukuche. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama baada ya dakika chache anaonekana amerudi sawa.

Anapokuambia jambo usilielewe, usiitikie "ndiyo, ndiyo". Mwambie ulichokipata: "Bibi, nimesikia 'nataka', kilichofuata kimenipita. Niambie tena."