Je, wajua? Buddha hakuandika hata neno moja. Maneno yake yalifikaje kwetu?

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniuliza Buddha aliandika kitabu gani. Nikamjibu bila kusita kwamba aliandika mafundisho yake mwenyewe na wafuasi wakayanakili. Nilikosea. Kesho yake nilirudi darasani kusahihisha, nikakosea mara ya pili: nilisema kwamba kwa kuwa hayakuandikwa, bila shaka yaligeuka kama umbea unavyogeuka kutoka mlango hadi mlango, na yaliyobaki ni hadithi tu. Kosa hilo la pili ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu wengi wetu tunalo. Tukisikia kwamba jambo fulani lilipokewa kwa mdomo, papo hapo tunalishusha thamani.

Kwanza, mtu mwenyewe. Siddhartha Gautama, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, alizaliwa Lumbini, kusini mwa Nepal ya leo, katika ukoo wa Wasakya. Baba yake alikuwa Suddhodana. Mama yake, Maya, kwa mujibu wa mapokeo alifariki siku saba baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Alioa, akapata mtoto wa kiume aitwaye Rahula, na alipofika miaka 29 akaondoka nyumbani kutafuta dawa ya uzee, maradhi na kifo. Kwa miaka sita alijinyima chakula hadi mbavu zikahesabika, akaona kwamba njia hiyo haimfikishi popote, akaanza kula tena. Akiwa na miaka 35, chini ya mti huko Bodh Gaya, alipata alichokitafuta. Neno Buddha maana yake ni aliyeamka. Alitoa mafundisho ya kwanza Sarnath, karibu na Varanasi, mbele ya watu watano, kisha akazunguka bonde la mto Ganges kwa miguu kwa miaka 45. Alifariki Kusinara akiwa na miaka 80.

Alifariki lini hasa? Mapokeo ya Sri Lanka yanasema 543 KK, vitabu vingi vya historia vilishika 483 KK, na wanazuoni wengi wa sasa wanasogeza kifo hicho hadi karibu na 400 KK. Maandishi ya kale zaidi ya India yaliyo mengi na yanayosomeka vizuri ni ya mfalme Ashoka, ya katikati ya karne ya 3 KK, yaliyochongwa kwenye miamba na nguzo. Moja ya nguzo hizo ipo Lumbini penyewe, nayo inasema kwamba Buddha alizaliwa hapo. Lakini mafundisho yenyewe yaliandikwa kwa ukamilifu huko Sri Lanka katika karne ya 1 KK. Kwa hiyo, hata ukihesabu kwa ubahili, ni miaka 300 hivi ya vinywa na masikio peke yake.

Mapokeo yanasimulia kwamba miezi michache baada ya kifo, watawa 500 walikutana Rajagaha, mji unaoitwa leo Rajgir. Mzee Mahakassapa ndiye aliyeongoza. Upali, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuwa mtawa, aliulizwa kuhusu kanuni za utawa. Kisha akaitwa Ananda, binamu yake Buddha, aliyemhudumia kwa miaka 25 na kusikia karibu kila alichosema. Mahakassapa akamuuliza: hotuba iitwayo Brahmajala ilitolewa wapi? Ananda akajibu: njiani kati ya Rajagaha na Nalanda, katika nyumba ya mapumziko ya mfalme pale Ambalatthika. Ilihusu nani? Ilimhusu Suppiya, mtawa wa kundi jingine, na kijana Brahmadatta. Hapo tena wote 500 wakaikariri kwa pamoja. Ndiyo maana hotuba za Buddha huanza na maneno “Nimesikia hivi”. Anayesema ni Ananda.

Wanahistoria wengi hawaamini kwamba mkutano ulikwenda sawasawa na simulizi hii, wala kwamba maandiko yote yalikuwa tayari siku hiyo. Lakini simulizi yenyewe ina jambo ambalo mtu anayetunga sifa tupu asingeliweka. Mtawa mzee aitwaye Purana aliwasili mkutano ukiwa umekwisha. Wakamwambia ajiunge na yale yaliyokaririwa. Akawajibu kwa adabu kwamba wamefanya kazi nzuri, ila yeye atashika vile alivyosikia mwenyewe kinywani mwa Buddha. Wakamwacha aende, na wakayahifadhi maneno yake hayo.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Umbea hubadilika kwa sababu ya namna unavyosafiri. Mtu mmoja anamnong'oneza mmoja, pembeni, mara moja tu, kwa maneno anayochagua mwenyewe, na anayepokea hana mtu wa kumuuliza kama amesikia vizuri. Ni mnyororo: pete moja ikikatika, yote iliyo mbele yake imepotea. Kukariri kwa pamoja hakuna hata sifa moja kati ya hizo. Hufanyika hadharani, kwa sauti, kwa kurudiarudia, kwa maneno ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuyabadili, na kila anayesikiliza anayajua tayari.

Aliyepitia chuo cha Kurani utotoni anajua ninachosema. Mko watoto 30 juu ya jamvi mnasoma sura kwa ghibu. Mmoja akiruka aya, sauti yake inabaki peke yake hewani kama mguu uliokosa ngazi. Mwalimu hahitaji hata kufungua msahafu, kwani kundi lenyewe limeshamsahihisha. Watawa wa Buddha waliitegemea hali hiyo hiyo. Neno walilotumia kwa mikutano yao, sangiti, lina maana ya kuimba au kughani pamoja.

Mfano unaonikalia vizuri zaidi ni mkeka. Ukili hausukwi kwa uzi mmoja. Miyaa inapishana, huu juu ya ule, na mwaa mmoja ukikatika, mingine inashikilia hadi msusi apachike mpya. Miongoni mwa watawa kazi iligawanywa vivyo hivyo. Walikuwepo wakariri waliojulikana kama bhanaka: wengine walihifadhi hotuba ndefu, ambazo kwa Kipali, lugha ya kale ya India iliyohifadhi maandiko haya, ni 34, wengine hotuba za kati, 152, na wengine masimulizi ya maisha ya Buddha yaliyotangulia. Cheo hicho cha bhanaka kimechongwa kwenye mawe ya Bharhut na Sanchi, pamoja na majina ya watawa waliochangia ujenzi, kwa hiyo hatutegemei mapokeo peke yake. Hakuna aliyelazimika kubeba yote, na hakuna sehemu iliyoachwa kwa mtu mmoja.

Lakini kundi peke yake halitoshi. Maneno nayo yalifinyangwa ili yashikike. Wabrahmani, makuhani wa India, walianza kuwafundisha watoto wao Veda, maandiko yao matakatifu, wakiwa wadogo sana. Watawa wengi wa Buddha walikuja utawani wakiwa watu wazima, wengine wakulima, wengine wafanyabiashara, na kichwa cha mtu mzima kinahitaji vishikizo. Hapa ndipo msomaji wa leo anapochoka na maandiko ya Kibuddha, kwa sababu anaona kurasa nzima zinajirudia. Nami nilichoka, mpaka nilipoacha kusoma kwa macho nikaanza kusoma kwa sauti.

Chukua hotuba moja aliyowapa wale watu watano wa Sarnath. Anawauliza: mwili unadumu au haudumu? Haudumu, bwana. Na kisichodumu ni adha au ni raha? Ni adha, bwana. Na kisichodumu, kilicho adha, kinachobadilika, je, inafaa kusema hiki ni changu, hiki ndicho mimi? Haifai, bwana. Kisha anatoka kwenye mwili anaingia kwenye hisia, na maswali ni yale yale neno kwa neno. Kisha utambuzi, kisha maumbile ya nia, kisha fahamu. Mambo matano, wimbo mmoja. Ukishika ubeti wa kwanza, yaliyobaki unabadilisha neno moja tu. Macho yanaona marudio, ila ulimi unapata mahali pa kupumzika huku akili ikitafuta neno linalofuata.

Kishikizo kingine ni hesabu. Kweli ni nne: kuna adha, adha ina chanzo, adha ina mwisho, na ipo njia ya kuufikia mwisho huo. Chanzo chenyewe kinaitwa tanha, neno lenye maana ya kiu, ile ya mtu anayekunywa na bado koo linadai. Njia ina viungo vinane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili. Ukikariri ukafika saba ukanyamaza, unajua kuna kilichoanguka, kama mama anayehesabu vichwa vya watoto jioni. Mkusanyiko mmoja mzima umepangwa kwa namba, mambo ya mojamoja, ya mawilimawili, hadi ya kumi na moja.

Kishikizo cha tatu ni kidogo, na ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Maneno yenye maana zinazokaribiana hupangwa kwa urefu, yenye silabi chache kwanza. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: wivu, chuki, hasira, manung'uniko. Jaribu kuanza na manung'uniko uone jinsi ulimi unavyokwama. Mpangilio huo si pambo. Unakwambia nani anamfuata nani, na mtu akichomeka neno lake jipya katikati, mdundo unamsaliti.

Haja ya kukariri pamoja inaelezwa na maandiko yenyewe. Inasimuliwa kwamba Buddha alikuwa Pava, akiwa mzee, mgongo unamuuma. Akamwomba mwanafunzi wake Sariputta awafundishe watawa ili yeye ajinyooshe. Siku hizo Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, alikuwa ameaga dunia, na wafuasi wake walikuwa wakigombana juu ya yale aliyoyafundisha. Sariputta akataja ugomvi huo, akasema: sisi tuyakariri pamoja, tusibishane. Akaanza kuhesabu orodha, ya jambo moja hadi ya mambo kumi.

Je, mbinu hizi zilifanikiwa? Kuna kipimo kizuri. Tawi moja la hotuba lilibaki Sri Lanka kwa Kipali. Matawi mengine yalipita kaskazini, Asia ya Kati, yakatafsiriwa Kichina karne nyingi baadaye. Mkusanyiko wa hotuba za kati, kwa mfano, ulitafsiriwa mwaka 397 na 398 BK. Makundi hayo yalikuwa yametengana kwa muda mrefu na kwa maelfu ya kilomita. Ukizilinganisha, kiini cha mafundisho kinafanana kwa kiasi cha kushangaza. Zinazotofautiana ni mara nyingi jina la mji, mpangilio wa orodha, au hotuba ipi iwekwe wapi. Toleo la Kichina la hotuba za kati lina hotuba 222, si 152.

Hilo halithibitishi kwamba kila sentensi ilitoka kinywani mwa Buddha. Linaonyesha kwamba matawi yote yalianza na shina moja la kale sana. Kipali nacho yumkini si lugha aliyoizungumza yeye, ila ni jamaa yake wa karibu. Yapo pia maandiko ambayo ni wazi yaliongezwa baadaye. Mtu akikuambia tunayo maneno yake halisi bila badiliko lolote, amezidisha.

Na mkeka ulikaribia kufumuka. Karne ya 1 KK, enzi za mfalme Vattagamani, Sri Lanka ilipigwa na vita na njaa kwa pamoja. Wafafanuzi wa kale wanasimulia kuhusu watawa walioishi kwa mizizi na majani, na walipokosa nguvu za kuketi walilala mchangani wakaendelea kukariri, wasije wakasahau. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba andiko moja, Mahaniddesa, lilibaki kichwani mwa mtawa mmoja tu, na mwenendo wake ulikuwa mchafu. Mzee mwenye heshima alikataa kumkaribia. Wakamsihi hadi akakubali, akaenda kujifunza kwake mchana na usiku mpaka akalimaliza.

Baada ya hofu hiyo ndipo watawa walipokaa katika mapango ya Aluvihara, karibu na Matale, wakayaandika yote juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mivumo. Kaskazini-magharibi, eneo la Gandhara, wengine walikuwa wakiandika karibu na kipindi hicho hicho kwenye magome ya mti. Mafungu ya magome hayo, yaliyotunzwa ndani ya vyungu vya udongo, yalifika Maktaba ya Uingereza mwaka 1994.

Kuandikwa hakukumaliza kazi ya ulimi. Huko Myanmar ulianzishwa mwaka 1948 mtihani wa kukariri maandiko yote ya Kipali kwa ghibu, na wa kwanza kufaulu alikuwa mtawa Vicittasara. Mwaka 1954 alikariri kurasa 16,000. Mwaka huo huo watawa wapatao 2,500 walikusanyika Yangon kwa mkutano mkuu wa sita wa kuhakiki maandiko. Vitabu vilikuwepo, vimechapwa. Hata hivyo mtawa mmoja, Mahasi, aliwekwa kuuliza: lilisemwa wapi, lilimhusu nani? Na aliyewekwa kujibu, kwa kichwa chake, alikuwa Vicittasara.