Pati za Kidato cha Nne: Tunayoyaamini na Jinsi Mambo Yalivyo

Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza kidato cha nne, hawamalizi wote siku moja. Ratiba hufuata masomo, na kwa kuwa kila mmoja ana masomo aliyoyachagua, huyu huweka kalamu chini leo na mwenzake wa dawati moja akabaki na karatasi ya wiki ijayo. Wazazi wengi hawalijui jambo hili. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha nne kwa miaka mingi katika shule ya kutwa jijini Nairobi, na zaidi ya mara moja nimempokea langoni mzazi aliyekuja kumpongeza mwanawe kwa kumaliza, kumbe mtoto alimaliza siku tatu zilizopita. Siku hizo tatu alikuwa akivaa sare asubuhi, akiaga, na kurudi jioni.

Ndani ya siku kama hizo ndimo pati nyingi hufanyika. Wazazi hungoja usiku ndipo waanze kuwa na wasiwasi, ilhali pati ni saa sita mchana, nyumbani kwa mwanafunzi ambaye baba na mama wako kazini, mapazia yamefungwa na mtu mzima hayupo.

Kila Novemba husikia wazazi na walimu wenzangu wakisema maneno yale yale kuhusu pati hizi. Baadhi yake mimi mwenyewe niliyaamini kwa muda mrefu.

"Hayo ni mambo ya watoto wa matajiri"

Novemba 2020, wakati wanafunzi wengi walikuwa bado nyumbani kwa sababu ya korona, polisi waliwakamata vijana 44 kwenye nyumba moja mtaani Mountain View, Nairobi. Walikuwa watoto wa miaka 14 hadi 17. Mountain View si Runda wala Muthaiga. Ni mtaa wa watu wa kipato cha kati, wanaoamka alfajiri kwenda kazini na kumwachia mtoto mkubwa funguo. Miaka mitano kabla ya hapo, Agosti 2015, nchi nzima ilizungumzia basi lililotoka upande wa Karatina kuja Nairobi likiwa limebeba wanafunzi zaidi ya 40 waliokuwa wamefunga shule. Ndani mlikuwa na pombe na bangi. Hao hawakuwa watoto wa majumba makubwa.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Vijana ishirini wakituma shilingi mia tatu kila mmoja kwa M-Pesa, zimepatikana elfu sita. Pombe huagizwa kwa simu, na mwendesha bodaboda huikabidhi langoni bila kuuliza mtu umri. Nyumba ikikosekana, hukodiwa chumba cha siku moja kwa jina la kaka au binamu aliye na kitambulisho. Kampuni ya Airbnb ilipiga marufuku pati kwenye nyumba zake ulimwenguni kote, kwanza kwa muda mwaka 2020, kisha moja kwa moja mwaka 2022, lakini mitaani kwetu vyumba vingi hupangishwa kupitia namba iliyobandikwa kwenye geti, na marufuku hiyo haivifikii.

"Heri wanywee hapa kwangu nikiwaona"

Dhana hii naiheshimu, kwa sababu wanaoisema ni wazazi wanaojali. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, atakunywa tu. Basi anywe mbele yangu, ajifunze kiasi." Nilikosa la kumjibu siku hiyo.

Jibu limo katika utafiti uliofanywa Australia. Watafiti waliwafuata vijana 1,927 pamoja na wazazi wao kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, wakiwauliza kila mwaka nani anawapa pombe na nini kimewapata, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet Public Health mwaka 2018. Hawakupata faida yoyote kwa kijana aliyepewa pombe na mzazi wake. Tena, waliopewa na wazazi peke yao walikuwa na uwezekano maradufu wa kuipata kwingine mwaka uliofuata, wakilinganishwa na wasiopewa kabisa. Glasi ya mezani nyumbani haikuwafundisha kiasi. Iliwafungulia mlango. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2011 ulilinganisha vijana wa Victoria, Australia, na wa jimbo la Washington, Marekani. Huko nako, waliokunywa mbele ya watu wazima walipata madhara zaidi ya pombe baadaye.

Na si mwanao peke yake aliye sebuleni. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, kumpa kileo mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa. Mtoto wa jirani akianguka bafuni kwako, mzazi wake hatakuja kukushukuru kwamba ulikuwa unawaona. Hata anayekaa sebuleni haoni kilichomo kwenye chupa ya soda iliyoingia ikiwa imekwisha funguliwa, wala hajui kuki zilizoletwa kwenye mkebe zimepikwa na nini. Kuki za bangi huchelewa kufanya kazi, hata saa nzima au mbili, kwa hiyo mtoto hula ya kwanza, akaona hakuna kitu, akala ya pili na ya tatu.

"Mwache alale, itaisha"

Kama kuna sehemu moja ya maandishi haya ungependa kumtumia mtu, mtumie hii.

Chupa kubwa ya pombe kali ya mililita 750, ile vijana wanaiita mzinga, ikiwa ni ya asilimia 40 ina pombe sawa na chupa kumi na nne hivi za bia ya nusu lita. Wavulana wanne wakiimaliza kwa mashindano kwa nusu saa, kila mmoja amekunywa zaidi ya bia tatu kabla hata kichwa hakijaanza kuzunguka. Ini la mtu mzima huchukua karibu saa mbili kuondoa bia moja ya ukubwa huo, na haliharakishwi na chochote. Kahawa nyeusi humwacha mlevi aliye macho. Maji baridi humshusha joto mtu ambaye mwili wake tayari unapoteza joto. Maziwa au ndimu, akinyweshwa asiyejitambua, huingia kwenye njia ya hewa.

Kubaya zaidi, pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Aliyelazwa kitandani saa kumi alasiri akiwa anaongea ovyo anaweza kuwa mahututi saa kumi na moja, huku wenzake wakiendelea na muziki chumba cha pili kwa sababu "Kevo amezima". Wanamcheka, wanampiga picha, wanamfunga mlango.

Kijana aliyelala kawaida huamka ukimfinya. Asiyeamka ni mgonjwa. Hesabu pumzi zake: chini ya nane kwa dakika, au sekunde kumi kupita bila pumzi, ni hatari ya kufa. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute rangi ya bluu usoni. Tazama fizi, ndani ya midomo na chini ya kucha. Gusa mwili kama umekuwa baridi. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, ili akitapika yatoke nje badala ya kumsonga. Usimwache hata kwenda kutafuta maji. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari kweli yote: alikunywa nini, kiasi gani, na kama kulikuwa na vidonge au bangi.

Haya nimeyafundisha darasani kwa dakika kumi na tano tu, wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Mwalimu mmoja alinilaumu kwamba nawafundisha kulewa. Sijajuta.

"Wamemaliza shule, ni watu wazima"

Wengi humaliza kidato cha nne wakiwa na miaka 17 au 18 hivi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na karatasi ya mwisho ya mtihani haibadilishi tarehe ya kuzaliwa. Linaloumiza zaidi ni Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006: aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kukubali tendo la ndoa. Mvulana aliyetimiza 18 mwezi uliopita, na msichana wa 17 aliyesoma naye miaka minne, wakitoka kwenye pati kama hiyo, mvulana anaweza kujikuta kizimbani kwa unajisi. Nimewaona akina mama wa wavulana wakishtuka kana kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kusikia. Msichana hulindwa kwa maonyo mengi tangu utotoni, wakati mwingine kupita kiasi. Mvulana huambiwa tu asirudi usiku.

"Yaliyo nje ya lango si ya shule"

Ni kweli mwalimu hana mamlaka sebuleni mwa mtu. Lakini shule ndiyo pekee yenye ratiba ya kila mtahiniwa, orodha ya namba za wazazi wote, na habari za nani rafiki wa nani. Kumtumia kila mzazi ujumbe mfupi, "Mwanao anamaliza karatasi ya mwisho tarehe fulani, saa sita na nusu," hugharimu senti chache na hufunga zile siku tatu nilizozisema. Tulipoanza kufanya hivyo, wazazi wawili walinipigia jioni ile ile kwa hasira, kwa kuwa walikuwa wameambiwa tarehe nyingine.

Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, ziara za wazazi na siku za maombi zilipigwa marufuku muhula wa tatu ili kukomesha wizi wa mtihani. Naelewa sababu. Ila mtoto wa bweni anayekaa muhula mzima bila kuzungumza na mzazi wake, kisha akafunguliwa lango ghafla, anahitaji mtu wa kuzungumza naye siku hiyo, si wiki ijayo.

"Dawa ni polisi na fimbo"

Machi 2016 tangazo la pati iliyoitwa Project X lilisambaa mitandaoni Nairobi, na Bodi ya Kuainisha Filamu, iliyokuwa chini ya Ezekiel Mutua, ikaipinga hadharani. Haikuwa vibaya kuipinga. Lakini baada ya hapo watoto niliowafundisha waliacha matangazo ya wazi wakahamia makundi madogo ya WhatsApp yanayofutwa siku hiyo hiyo, na sisi tukabaki tunaringia ushindi.

Fimbo nayo shuleni ni haramu tangu 2001. Nyumbani, inafanya kitu kimoja ambacho sikukielewa hadi nilipowauliza wanafunzi wangu kwa nini walimwacha mwenzao amelala sakafuni bila kupiga simu. Hawakusema hawakujali. Walisema, "Mwalimu, nyumbani wangeniua."

Ndipo tulipokaa na wazazi wa darasa langu Jumamosi moja, baba hawa na mama hawa waliokuwa hawajawahi hata kupeana namba, tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, anayeambiwa "naenda kwa akina fulani" ampigie mama au baba wa huyo fulani, hata kama ni aibu. La pili, kila nyumba iwe na neno lake la siri la kuomba msaada. Mtoto akituma "Mama, umeniwekea chakula?" mzazi apige simu papo hapo na kufoka kwa sauti ya kusikika: shangazi yako amefika, rudi sasa hivi. Wenzake wakimcheka, watamcheka kwa kuwa na mama mkali. Na maswali yote yangoje kesho.

Baba mmoja alipinga sana jambo hilo la kungoja. Alisema ni kumdekeza mtoto.

Mwaka ule ule, Ijumaa ya mwisho ya mtihani, binti yake alimtumia neno lake saa tisa na robo. Alifunga duka, akaenda, akamkuta barabarani nje ya geti akiwa na mwenzake aliyekuwa hawezi kusimama. Aliwapakia wote wawili, akapitia hospitali, akampigia simu mama wa yule mwingine. Njiani hakusema kitu. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona kazi ngumu kama ile, na kwamba kesho yake walikaa na binti yake hadi chai ikapoa.