Mvua inanyesha, ardhi haimezi

Juma lililopita nimeisikia tena, mara hii kutoka kwa mzee wa Mogotio, kule Baringo, niliyemkuta kwenye agroveti (duka la pembejeo na dawa za mifugo) mjini Nakuru: "Afisa, nyasi ziliisha kwa sababu mvua iliisha." Nikamuuliza barabara ya kwao ilikatika lini. "Aprili," akajibu, "maji yalibeba kivuko chote." Sasa mzee wangu, maji hayo yalitoka wapi?

Ukame upo, sikatai. Kuna miaka mvua inakosa kweli na ng'ombe wanakufa. Lakini nimechoka kusikia mvua ikilaumiwa hata mwaka inaponyesha. Tuhesabu. Milimita 10 za mvua kwenye ekari 1 ni karibu lita 40,000, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Zizi likishakanyagwa na malisho kubaki kipara, sehemu kubwa ya mitungi hiyo inateremka korongoni kabla hujamaliza kuingiza mbuzi. Angalia Mto Molo siku hiyo: rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi ni udongo wako wa juu, unahamia Ziwa Baringo.

Tone la mvua likipiga udongo ulio uchi, linavunjavunja vibonge, na vumbi lake linaziba vitundu ambamo maji yangepita. Likikauka linakuwa gamba. Mvua inayofuata inalikuta hilo gamba na kuteleza. Ndiyo maana mtu anachimba siku mbili baada ya gharika na kukuta vumbi kavu shubiri moja chini.

Usiniamini mimi. Chukua mkebe wa rangi, toa kitako, ukandamize ardhini kidogo, mimina kikombe cha maji kisha uhesabu muda hadi yamezwe. Fanya hivyo kwenye kipara, halafu chini ya mgunga wenye majani makavu na mavi ya mbuzi. Kila mfugaji ninayemfanyisha jaribio hili ananyamaza kwanza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvunja gamba na kuyasimamisha maji. Mimi napenda matuta ya nusu mwezi: mdomo utazame juu ya mteremko, mgongo uwe chini, na safu ya pili izibe mapengo ya safu ya kwanza. Ndani ukwangue kwa jembe, usie mbegu za nyasi za kienyeji kama Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba kabla ya mvua, zisizame zaidi ya sentimita 1, kisha ulaze matawi ya miiba juu. Miiba inafukuza mbuzi na kupunguza jua. Mbegu zinazorushwa juu ya gamba ni karamu ya sisimizi na ndege, na nimeona magunia mazima yakiishia hivyo.

Madai mengine ninayoyasikia kuhusu malisho nitayapitia haraka.

"Panda miti, nyasi zitafuata." Hivyo ndivyo mathenge, mti wa miiba wa kigeni (Prosopis juliflora), alivyoletwa Marigat, Baringo, miaka ya 1980, kwa nia njema ya kuni na kijani. Ingia chini ya kichaka chake leo unioneshe nyasi. Ukimkata juu anachipua kwa hasira; kata mzizi chini ya ardhi. Maganda yake yasage kabla ya kulisha, kwa maana mbegu nzima inapita tumboni mwa ng'ombe na kuoteshwa na kinyesi chake.

"Mifugo ifukuzwe, malisho yatapona yenyewe." Wafukuze nyasi zikiwa changa na hadi zimwage mbegu, naam. Ukiziacha miaka mingi bila kuliwa zinazeeka, zinakuwa za kijivu na kujisonga. Nyasi zinataka mapumziko na zinataka mdomo, kila kimoja kwa wakati wake. Kupanga zamu hizo na majirani ndiyo shughuli ngumu kuliko kuchimba matuta, na hapo hakuna mbegu ya kununua.

"Boma Rhodes, nyasi ya malisho ya kupandwa, ndiyo dawa." Kwa Njoro na Rongai, sawa. Ukiteremka kwenye joto na mvua haba, mwaka mmoja mbaya unaimaliza.

Yule mzee alikuwa amekuja kununua kilo 5 za hiyo hiyo Boma Rhodes. Nilimshauri pesa hizo anunue koleo na sururu kwanza. Mwenye duka hakufurahi.