Heshi ya bloku si bahati nasibu

Msimu wa korosho ukishika kasi na malipo yakaanza kuingia, hapa Mtwara napata wateja wa aina moja. Ni vijana hodari wa Solidity, lugha ya kuandikia mikataba mahiri, yaani programu zinazojiendesha kwenye mnyororo wa bloku kama Ethereum. Wana mkataba wa bahati nasibu, zawadi ni pikipiki au sarafu, na wanataka niukague upesi kabla hela hazijaisha mikononi mwa watu. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha huwa nawauliza kwanza. Kisha nafungua msimbo, na kosa ni lilelile la msimu uliopita: mshindi anachaguliwa kwa taarifa za bloku (furushi la miamala kwenye mnyororo) au kwa heshi yake, ile namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo.

"Taarifa za bloku hazitabiriki, kwa hiyo ni nasibu"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Namba ya mshindi inapatikana hivi: block.timestamp (saa ya bloku), block.prevrandao (namba ya mtandao inayobebwa na bloku) na msg.sender (anwani ya anayeuita mkataba) vinaunganishwa, vinapitishwa kwenye keccak256, kanuni ya kutengenezea heshi, kisha linachukuliwa baki la kugawa kwa 100. Mwenye mkataba ananiambia, "Kaka, nani atajua bloku ijayo itakuwa na nini?"

Hakuna, na wala mshambuliaji hahitaji kujua. Anaandika mkataba wake mdogo wenye kuuita mkataba wako. Wito huo unafanyika ndani ya muamala uleule, kwenye bloku ileile, kwa hiyo block.timestamp anayoiona yeye ndiyo unayoiona wewe, na block.prevrandao vivyo hivyo. msg.sender ni anwani ya mkataba wake mwenyewe. Anapiga hesabu yako kabla yako. Ikitoka namba ya ushindi, anaweka dau. Isipotoka, anaacha na kusubiri bloku nyingine, ambayo kwa Ethereum huja kila baada ya sekunde 12. Ni sawa na kucheza karata na mtu anayefunua za kwako kwanza, ndipo aamue kama ataweka hela mezani.

Nikieleza hayo, jibu linalofuata ni kurundika: waongeze block.number, waongeze bei ya gesi (ada ya muamala), waongeze idadi ya washiriki. Jamani! Vitu kumi vinavyojulikana, hata ukivichanganya vipi, havizai kimoja kisichojulikana. keccak256 ni hesabu: ukiipa ingizo lilelile, inatoa jibu lilelile, kwako na kwa mwizi.

Tena si lazima hata apige hesabu mapema. Anaweza kucheza, akatazama alichopata, na kama hakikumpendeza akabatilisha muamala mzima. Dau linarudi kana kwamba hakucheza, anachopoteza ni gesi. Hivyo ndivyo Meebits, mradi wa sanamu za kidijitali, ilivyochezewa Mei 2021. Mkataba wake ulichagua sanamu kwa kutumia namba ya zamu, msg.sender, block.difficulty (ugumu wa kuchimba bloku) na block.timestamp. Mtu mmoja akawa anabatilisha kila sanamu ya kawaida hadi akapata ya nadra, akaiuza kwa ETH 200, ETH ikiwa ni sarafu ya Ethereum. Hakuvunja ulinzi wowote wa siri. Alitumia mkataba kama ulivyoandikwa.

"Nimezuia mikataba isicheze, wanacheza watu tu"

Kizuizi cha kupima kama anwani ina msimbo hakifanyi kazi, maana mkataba ukiwa bado unaundwa, ukubwa wa msimbo wake husomeka sifuri. Fomo3D, mchezo wa kamari kwenye Ethereum, ilikuwa na kizuizi hicho mwaka 2018, na zawadi zake za pembeni zikachotwa kwa mlango huohuo. Wengine hulinganisha tx.origin (pochi iliyoanzisha muamala) na msg.sender: vikiwa sawa, wanaamini anayecheza ni mtu. Tangu maboresho ya Pectra ya Mei 2025, pochi ya kawaida ya Ethereum inaweza kuendesha msimbo, hivyo nalo limekwisha.

"Mbegu yangu nimeiweka private"

Mbegu ni namba ya siri ya kuanzia hesabu. Neno private linaizuia mikataba mingine isiisome. Haliifichi. Hifadhi yote ya mkataba husomwa na yeyote kwa amri ya eth_getStorageAt.

"Basi nitatumia heshi ya bloku ya mbele"

Hapo angalau umeanza kufikiri. Funga madau leo, chezesha droo kwa bloku ambayo bado haijatengenezwa. Ila amri ya blockhash hukupa heshi za bloku 256 za nyuma tu, kama dakika 51 hivi. Ukichelewa inarudisha sifuri, na sifuri kila mtu anaijua. Mchezaji anasubiri hadi muda upite, ndipo anadai ushindi. Bahati nasibu ya SmartBillions ilipoteza ETH 400 kwa njia hiyo Oktoba 2017. Isitoshe, mthibitishaji mwenye zamu, yaani anayetengeneza bloku hiyo, anaweza kuamua kutotoa bloku yake kama matokeo hayamfai, akikubali kupoteza malipo ya bloku hiyo. Zawadi ikiwa kubwa, hiyo si hasara kwake.

"Zawadi yenyewe ndogo, nani atahangaika?"

Roboti, yaani programu zinazowinda mikataba dhaifu. Hazichoki, na hazijui kama uko Chikongola au London.

Ninachowataka wafanye ni hiki. Kuingia na kuchezesha droo kusiwe kamwe kwenye muamala mmoja. Kama washiriki ni wachache, kila mmoja awasilishe heshi ya siri yake kwanza, aifichue baadaye, na anayegoma kufichua apoteze amana. Bila amana, wa mwisho ataangalia kama anashindwa, kisha akae kimya. Kama ni wengi, tumieni VRF (huduma ya namba nasibu yenye uthibitisho), ya Chainlink kwa mfano: namba huja na uthibitisho unaokaguliwa kwenye mnyororo kabla ya kutumika. Ombi likishatumwa, pasiwe na kujiunga, kujitoa wala kuomba namba mpya, mwenye mkataba naye asiwe na ruhusa hiyo.

Na kabla ya kuniletea, kaa uandike mwenyewe mkataba wa kuushambulia wa kwako, uuendeshe kwenye mtandao wa majaribio. Kwa makosa haya niliyotaja, mwingi hauzidi mistari thelathini. Asiyekuja nao namrudisha akauandike kwanza.