Gesi Asilia ya Tanzania: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Tuna gesi ya futi za ujazo trilioni 57, hata wajukuu hawataimaliza.

Tarakimu hiyo, trilioni 57.54 kwa usahihi, ni ya kweli. Lakini ni hesabu ya gesi iliyogunduliwa kuwemo ndani ya miamba. Itakayoweza kutolewa ni pungufu ya hapo. Isitoshe, takriban trilioni 47 ziko chini ya bahari ya kina kirefu, ambako hakuna bomba wala kisima kinachozalisha. Zinasubiri mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Makubaliano ya awali ya mradi huo yalitiwa saini Juni 2022, na miaka mitatu baadaye mkataba kamili ulikuwa bado.

Gesi inayofua umeme na kuendesha viwanda vyetu inatoka Songo Songo, Kilwa, na Mnazi Bay, Mtwara. Kiongozi akiulizwa hali ya visima hivyo kisha akajibu kwa trilioni 57, swali lenyewe hajaligusa.

Dhana: Gesi ikianza kupungua tutaona, na hapo tutachukua hatua.

Dhana hii ndiyo ya hatari kuliko zote, maana inasikika kama busara. Gesi hupanda kisimani kwa mgandamizo wake yenyewe. Kadiri inavyotolewa ndivyo mgandamizo unavyoshuka, hata kama mtumiaji wa Dar es Salaam haoni tofauti yoyote. Songo Songo ilianza kuzalisha mwaka 2004, na kufikia 2022 ilikuwa imefungiwa kompresa, yaani mashine za kuongeza mgandamizo, ili gesi iendelee kuingia bombani kwa nguvu inayotakiwa. Kompresa haiongezi gesi ardhini. Inasaidia kuifikia iliyobaki.

Sasa tazama muda unaohitajika kupata gesi mpya. Songo Songo iligunduliwa 1974, miaka 30 kabla ya kuanza uzalishaji. Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na ikasubiri hadi 2006. Ntorya, iliyogunduliwa 2012 huko huko Mtwara, ilipata leseni ya uendelezaji mwaka 2024. Uchaguzi wetu ni kila baada ya miaka mitano. Waziri anayeidhinisha utafutaji leo karibu hakika hatakuwepo siku ya kukata utepe, na fedha anayotenga huko ingeweza kujenga kitu ambacho wapiga kura wanakiona. Ninaelewa ugumu huo, lakini siukubali kuwa udhuru.

Mnada wa nne wa vitalu vya kutafutia gesi na mafuta ulifunguliwa Oktoba 2013, kisha zaidi ya miaka kumi ikapita bila mwingine. Mkataba wa Songo Songo ulisainiwa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo ukomo wake wa Oktoba 2026 ulijulikana tangu siku ya kwanza. Uamuzi wa nini kifuate ulipaswa kufanywa mapema sana, kwa sababu hakuna mwekezaji atakayechimba kisima kipya bila kujua kama kesho atakuwepo. Na kila mwaka, kwenye bajeti ya nishati, wabunge wangepaswa kudai jibu la maandishi: kila kisima kimebakiza gesi kiasi gani inayoweza kutolewa, na ipi itaziba pengo?

Gharama ya kushtukizwa tunaijua. Mwaka 2006 ukame ulileta mgawo wa umeme, nchi ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008.

Dhana: Bwawa la Nyerere limemaliza tatizo.

Megawati 2,115 ni nyingi na ninazifurahia. Hata hivyo bwawa hutegemea mvua, na umeme wa maji hauwezi kujazwa kwenye bajaji inayotumia gesi.

Dhana: Mtungi wa jikoni ni ghali ilhali gesi ni yetu.

Mtungi hauna gesi asilia bali gesi ya petroli (LPG), ambayo huagizwa kutoka nje kwa meli. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, na humfikia mpishi kwa bomba, ambalo kaya chache mno zimeunganishiwa.

Dhana: Ugunduzi mmoja mkubwa utatuokoa.

Misri iligundua Zohr mwaka 2015, hazina kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana Bahari ya Mediterania. Gesi ilianza kutoka Desemba 2017, na 2018 serikali ikatangaza kwamba nchi inajitosheleza na kuacha kuagiza gesi ya kimiminika. Mahitaji yalikua, uzalishaji wa Zohr ukashuka mapema. Kiangazi cha 2023 Wamisri walikatiwa umeme kwa zamu, na 2024 meli za gesi ya kununua zilikuwa zimerudi bandarini.